Friji Likikojoa, Usikimbilie Gesi

Nina mteja Makorora, bi mkubwa anayeuza barafu za ubuyu. Yeye hasemi friji lake linavuja, husema limekojoa. "Mwanangu, limekojoa tena," ananiambia kwenye simu, shikamoo yangu hata hajaiitikia. Mara ya kwanza aliponiita alikuwa ameshatoa shilingi 70,000 kwa fundi aliyemwambia gesi inavuja, ndiyo maana sakafu imelowa. Gesi ikajazwa. Kesho yake asubuhi maji yako palepale, tena yamefika chini ya meza ya televisheni. Mimi nilitoa droo ya mboga, nikamulika kwa tochi ya simu, nikachokonoa kitundu kilichozibwa na ganda la kitunguu. Dakika kumi. Nilichukua nauli ya bodaboda tu, na bado niliondoka nikiona haya kwa niaba ya ufundi wetu.

Ninatengeneza mafriji hapa Tanga tangu 1999, nilipoanza kama saidia fundi kwenye kibanda cha barabara ya 14, Ngamiani. Kazi nyingi za maji sakafuni ninazoitiwa mwenye nyumba angezimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa. Wenzangu watanilaumu kwa kusema hivi. Wanilaumu.

Hilo la gesi tulimalize kwanza. Gesi ya friji haiwi maji. Mafriji mengi ya majumbani yana R134a au R600a; utaona maandishi kwenye kibandiko cha nyuma, karibu na kompresa, ile mota inayonguruma kwa chini. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, R600a kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Jikoni kwako kuna nyuzi 30. Bomba likitoboka gesi inatawanyika hewani, haigeuki dimbwi la kusubiri tambara. Friji lililoishiwa gesi dalili yake ni kutogandisha. Ukiona linagandisha vizuri na huku linamwaga maji, halafu mtu anakutajia gesi, mpe maji ya kunywa umsindikize.

Maji unayoyapiga deki yanatoka hewani. Kila mlango unapofunguliwa hewa ya jikoni inaingia, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikigusa sehemu ya baridi kali inageuka umande, umande unaganda, na friji linapopumzika barafu ile inayeyuka. Friji zima, lisilo na kasoro yoyote, linatoa maji kila siku. Waliolitengeneza waliyawekea njia: mfereji mdogo, kitundu, mpira unaoshuka kwa nyuma, na mwisho wake bakuli lililokaa juu ya kompresa, ambako joto huyakausha. Ukiyaona sakafuni, jua yameikosa njia hiyo mahali fulani. Kazi ni kutafuta ni wapi.

Kabla ya kutafuta, chomoa plagi. Nenda na mkono mkavu na kandambili mguuni. Nyumba nyingi friji limechomekwa kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, na maji yanaifuata hukohuko. Kama ekstensheni imeshalowa usiiguse kabisa, zima meinswichi kwanza.

Sasa kausha kila kitu, ndani, nje na chini, halafu tandika gazeti chini ya friji lote, kutoka mbele hadi ukutani. Ndani, chini ya droo ya mboga, weka kitambaa cheupe kikavu. Rudisha umeme, uache usiku mmoja. Asubuhi gazeti litakusimulia. Likilowa upande wa nyuma, chini ya kompresa, kesi ni ya bakuli. Likilowa mbele na kitambaa cha ndani nacho kikawa chepechepe, kesi ni ya kitundu, na hiyo ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Likilowa upande wa ukutani na ndani kukavu, chunguza na ukuta wenyewe. Duga niliwahi kuitwa kwa friji ambalo halikuwa na kosa lolote. Bomba la sinki la jirani lilikuwa linapenyeza upande wa pili wa ukuta. Na uangalie jagi la maji pia. Jagi lenye ufa limewatia watu wengi hasara ya nauli ya fundi.

Kitundu

Kama friji lako lina friza juu au chini yenye mlango wake, na ukuta wa nyuma wa sehemu ya kawaida unatoa matone ya maji, tazama chini kabisa ya ukuta huo, juu kidogo ya droo za mboga. Kuna kimfereji chenye umbo la V, na katikati yake kitundu kinachoingia kidole kidogo kwa taabu. Mafriji mengi mapya huja na kijiti cha plastiki kimechomekwa humo. Kile si takataka, ni cha kuzibulia. Sijui kwa nini kila nyumba kinatupwa wiki ya kwanza pamoja na maboksi.

Nilichowahi kukuta ndani ya vitundu hivyo: jani la mchicha, punje za wali, kipande cha mfuko wa plastiki, dagaa mzima na kichwa chake, na mara nyingi sana ute mweusi unaoteleza kama bamia. Ute huo unaota wenyewe pale penye giza na unyevu, hata kwa mtu msafi, kwa hiyo usimkasirikie dada wa kazi.

Chomoa plagi, toa droo, ondoa uchafu unaoonekana kwa vidole. Chukua bomba la sindano bila sindano yake, lile kubwa la dawa linalouzwa famasi, livute maji ya moto ambayo kidole chako kinaweza kuyavumilia. Si ya kuchemka. Plastiki ya ndani hupasuka ikimwagiwa maji ya kuchemka ikiwa ya baridi. Bana mdomo wa bomba kwenye kitundu, sukuma taratibu. Mara nyingi utasikia mluzi mdogo, halafu maji yanashuka kwa pupa, na kule nyuma bakuli linaanza kulia kama mvua kwenye bati.

Yakigoma, chukua waya wa pazia, ule wa springi uliovikwa plastiki nyeupe. Toa kulabu ya kichwani, zungushia ncha yake selotepu ili isikwaruze, kisha ingiza huku unazungusha kwa vidole. Waya huu una uzuri wake: unapinda pale mpira unapopinda. Usitumie spoku ya baiskeli wala waya wa kuning'inizia nguo. Mpira ukitoboka ndani ya ukuta wa friji, maji yatalowesha lile povu la kuzuia joto, na hapo hata mimi sina la kukusaidia. Kwa sababu hiyohiyo usipige upepo wa pampu ya baiskeli kwa nguvu. Nimeona kiungo cha mpira kikichomoka ndani kwa kosa hilo.

Ukishapita, sukuma bomba mbili za maji ya uvuguvugu yenye siki, acha robo saa, malizia na maji matupu. Halafu jaribio: mimina nusu glasi kidogokidogo kwenye mfereji, nenda nyuma ukaone kama nusu glasi ile imefika kwenye bakuli. Ikifika yote, umepona. Ikifika robo, bado kuna kitu. Kwenye mafriji mengine mwisho wa mpira, pale juu ya bakuli, una kimdomo kilichobanwa kama mdomo wa bata. Kazi yake ni kuzuia hewa ya joto isipande. Ute hujikusanya hapo na kukifunga kabisa. Kivute kwa mkono, kioshe kwa sabuni, kirudishe.

Friji la aina ya nofrosti, lisiloota barafu ya kuonekana, lina kitundu hichohicho lakini kimefichwa. Kiko nyuma ya bamba la plastiki ndani ya friza, chini ya mabomba ya kugandishia. Kila baada ya saa kadhaa hita iliyoko pale huwaka kidogo, inayeyusha barafu, maji yanakwenda kwenye kitundu. Kikiziba, maji hayana pa kwenda, yanaganda chini ya friza. Ndipo utakapoona kitu kama kioo cha barafu kimetanda sakafu ya friza, siku za mwanzo chembamba, baadaye kinene mpaka droo haivutiki. Maji yanayozidi yanashuka hadi chini ya mboga, kisha nje kupitia mlangoni.

Dawa yake kubwa ni subira. Hamishia nyama kwa jirani, chomoa plagi, acha milango yote wazi usiku kucha, mataulo chini. Ukiwa na haraka weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga mlango, ubadilishe maji kila baada ya robo saa. Usiweke jiko la mkaa karibu, na sababu yake nitaisema hapo chini. Barafu ikishayeyuka yote, mwenye bisibisi na mkono mtulivu anaweza kufungua bamba la nyuma: skrubu mbili au nne, vifuniko vya plastiki juu yake, na nyuma ya bamba kuna waya za feni usizivute kwa ghafla. Kitundu kiko katikati, chini. Maji ya moto kwa bomba la sindano, mpaka uyasikie yakishuka.

Kuna mafriji ambayo kitundu chake kinaganda tena kila baada ya mwezi hata kikiwa kisafi. Hayo nayawekea ujanja niliofundishwa na bosi wangu wa barabara ya 14: kipande cha waya wa shaba wa umeme, ule mnene wa milimita za mraba 2.5, nikiuvua plastiki yote, nauzungushia hita mara moja, ncha yake inaning'inia ndani ya kitundu sentimita kama tano. Hita ikiwaka, shaba inapeleka joto hadi kwenye kitundu. Lakini nafanya hivyo kwa hita ya bomba la chuma tu, ya kioo siigusi. Na nahakikisha shaba haigusi mabomba ya alumini, maana shaba na alumini zikikutana kwenye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Ukisoma hapa ukaona mikono inatetemeka, hii niachie mimi au fundi mwingine.

Kisu

Hapa naomba nipandishe sauti kidogo. Katika mafriji niliyoyakuta yamekufa kabisa, yaliyouawa kwa kisu siwezi kuyahesabu. Mtu anaona barafu imeziba friza, anakwenda kuchukua kisu cha kukatia nyama, wengine bisibisi na nyundo, anaanza kuchonga kama anachonga mtumbwi. Bamba la friza ni alumini nyembamba, gesi inapita ndani yake. Ukisikia "fssss", umeshanunua friji jingine.

Halafu kuna hatari nyingine. R600a ni gesi inayowaka, ya ukoo mmoja na ile ya mtungi wa kupikia. Nyuma ya friji, karibu na kompresa, kutakuwa na alama ya pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Kiasi chake ni kidogo, kwa friji la nyumbani hakizidi gramu 150, lakini chumba kidogo kilichofungwa na jiko la mkaa linawaka, sitaki kusimulia. Ukiitoboa, fungua milango na madirisha, zima moto wote, toka nje. Usiguse swichi yoyote wala usichomoe plagi. Hiyo cheche ndogo ya soketi inatosha.

Barafu inayeyushwa kwa maji ya moto kwenye sufuria na kwa muda. Haichongwi.

Bakuli la nyuma

Gazeti likikuambia maji yako nyuma, vuta friji taratibu, vua kipande cha kadibodi au bati kama kipo, utaliona bakuli juu ya kompresa. Plastiki yake hukaangwa na joto miaka na miaka, mwishowe inapasuka ufa mwembamba usioonekana ukiwa mkavu. Mimina maji uone. Ufa unazibwa kwa gundi ya epoksi baada ya kuosha na kukausha vizuri; mimi hupaka ndani na nje. Mara nyingine bakuli ni zima, ila wabeba mizigo walipohamisha friji walilichomoa na kulirudisha upande, na mpira unadondokea pembeni. Kila friji likihamishwa, hata kutoka chumba hiki hadi kile, angalia bakuli.

Na ulioshe. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipotusumbua Tanga na Dar es Salaam, watu walifukia makopo na kugeuza matairi uani, na mimi huku naendelea kukuta viluwiluwi vya mbu vikicheza kwenye bakuli za mafriji sebuleni. Mbu wa dengi anapenda maji yaliyotulia kivulini, na pale ndipo haswa.

Mpira wa mlango, miguu na jasho

Mpira wa mlango uliolegea haumwagi maji wenyewe, lakini unaingiza unyevu mchana na usiku mpaka njia ya maji inazidiwa. Banisha noti kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kubisha, hapo hapabani. Zunguka mlango mzima hivyo. Elfu mbili inatosha. Kuna mzee Chumbageni alitumia elfu kumi, mjukuu akaiona kabla yake. Mpira uoshe kwa sabuni na mswaki, hasa mikunjo ya chini kunakokaa sukari ya juisi. Ukiwa umepinda, uloweshe kwa kitambaa cha maji ya moto, unyooshe kwa vidole, ufunge mlango saa chache. Uliochanika hautengenezeki, unanunuliwa mwingine.

Miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, kiasi mlango ukiachwa nusu wazi unajifunga wenyewe. Miguu hiyo inazungushika kama skrubu. Friji lililoinama mbele linamwaga maji ya mfereji upande usio wake, na wale waliolipandisha juu ya stendi ya plastiki iliyopinda wajiangalie.

Masika, kati ya Machi na Mei, mafriji mengi yanatoka jasho kwa nje, hasa pembeni mwa mlango. Futa, usihangaike sana. Acha nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ondoa kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia hadi nyuma, na usiweke namba ya juu kabisa kama huna sababu. Fremu ya mlango ikiwa ya uvuguvugu ni sawa. Mafriji mengi yamepitishiwa bomba la joto pale makusudi ili kupunguza jasho.

Sufuria ya maharage iliyoachwa wazi nayo ni chanzo cha maji. Funika. Na usiingize chakula kinachofuka moshi.

Wenye friji la mlango mmoja, lile dogo, kuna kidude cha kubonyeza katikati ya swichi ya namba. Kinazima kompresa mpaka barafu iyeyuke, kisha linawaka lenyewe. Maji yanashukia trei iliyo chini ya kifriza, na trei ikijaa yanamwagika kwenye kila kitu. Nyumba moja nilipigiwa saa mbili usiku: friji limekufa na limekojoa. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amekibonyeza. Nilikunywa uji wao nikisubiri, kompresa ikanguruma yenyewe. Likikupata hilo, mwaga trei na uliache mpaka liwake lenyewe. Bonyeza kidude hicho kwa hiari yako barafu ikifika unene wa kidole, kabla haijakuwa mlima.

Friza la kulala lina kizibo cha kutolea maji chini, ndani na nje. Umeme ukikatika siku nzima barafu ikayeyuka, kizibo kilichopotea ndicho kitakachokulowesha.

Likiwa la kumwagia maji ya kunywa mlangoni, lenye tanki la ndani, toa tanki, tazama ule mpira wa duara pale linapochomekwa. Mara nyingi umekaa upande au una mchanga.

Kuna mambo nitakuomba uite fundi. Kama nofrosti uliyoiyeyusha yote imerudisha theluji bamba zima la nyuma ndani ya wiki mbili, na sehemu ya chini haipoi, basi hita, taima au sensa yake imekufa. Hiyo inapimwa kwa mita, haibahatishwi. Ukiona doa la mafuta kwenye mabomba, au friji linakupiga shoti hata kidogo, ita. Ukipiga simu mweleze gazeti lililowa wapi, friza lina barafu ya namna gani, na maji ya jaribio yalifika kwenye bakuli au la. Fundi anayejua kazi atakushukuru kwa maelezo hayo na atakuja na kifaa sahihi.

Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizi, subiri angalau dakika tano kabla ya kuchomeka plagi, ili kompresa isiwake na shinikizo kubwa. Nyama isirudishwe mpaka friza lishike baridi, na hilo huchukua saa kadhaa. Bi mkubwa wa Makorora yeye huning'iniza waya wake wa pazia kwenye msumari nyuma ya friji, na kila Ijumaa baada ya kufua hupitisha maji ya moto kitunduni. Juzi alinipigia tena, nikashika kofia yangu tayari. Kumbe alitaka nimletee waya mwingine, wa kwanza jirani kauazima na hajarudisha.